Bibi Harusi, Usichome Daftari Lako



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunausikia ushauri huu: mwari achome madaftari yake ya zamani, asiingie kwa mume na mambo ya utotoni. Wanaoutoa ni mama zetu na shangazi zetu, na wanautoa kwa mapenzi. Kwa heshima yote, sisi tunaukataa.

Hoja yao tunaijua. Aibu ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri, mja asiifichue. Ni kweli. Kama kuna ukurasa wa kosa ulilolitubia, uchane, uuchome, wala usimsomee mtu. Lakini nani anachoma kasha zima kwa kanga moja yenye doa?

Na humo daftarini mna mengine. Mna dua ulizoomba Ramadhani ukiwa mwanafunzi, nyengine zimejibiwa nawe umeshasahau. Mna maneno ya bibi siku alipokufundisha kufunga kikuba, na leo bibi hayupo. Hayo huyapati kwenye simu.

Mmoja wetu, wiki mbili kabla ya nikaha, alifungua daftari la miaka kumi nyuma. Akakuta ameandika kuhusu mkilua wa uani kwa bibi yake. Akamwambia fundi wa hina amchoree vilua, aache ule mchoro unaozunguka mikononi mwa kila bibi harusi. Kadi yake ikafunguliwa kwa dua ya bibi, kama alivyoinukuu akiwa na miaka 14. Mama yake aliisoma akalia. Angelichoma, angepata wapi?

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni, hapa Unguja, mwaka 1844, zama ambazo mtoto wa kike alifundishwa kusoma lakini si kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Ujerumani mwaka 1886. Maisha aliyoyachagua ni baina yake na Mola wake. Lakini leo tukitaka kujua wanawake wa Mtoni walivyoishi ndani ya nyumba zao, tunamsoma yeye.

Wanaosema dini inataka hivyo, wakumbuke kwamba wahyi wa mwanzo ulitaja kalamu, na aya ndefu kuliko zote inaamrisha deni liandikwe. Tena tunauliza: mbona bwana harusi haambiwi achome chochote?

Basi, mwari, usiku mmoja baada ya Isha kaa na daftari lako. La kuchana lichane. La kushukuru lishukuru. La kutumia lipeleke kwenye hina, kwenye kadi, kwenye mashairi utakayomwandikia mwanao inshaallah. Kisha litie kashani, ufunge, ufunguo ukae nao wewe.

Wabillahi tawfiq.