Mguu Nao Una Haki Yake



Kila zinapokaribia likizo za shule, vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu hujikusanya makundi makundi wakaenda kutembea. Wako waendao Shimba Hills kuyatazama maporomoko ya Sheldrick, wako waelekeao milima ya Taita, na wenye azma kubwa zaidi huukwea Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, ambacho kimo chake ni mita 4,985. Haya ni mazoea mema, nasi twayaunga mkono. Lakini wazazi wametuuliza zaidi ya mara moja: wamnunulie mtoto buti gani, na je, lililo ghali ndilo lililo bora?

Juma hili twaona tulijibu swali hilo kwa urefu, kwani mguu ulioharibika safarini haumwumizi mwenyewe peke yake. Kundi zima husimama kwa ajili yake, na pengine likalazimika kumbeba. Mwili una haki juu ya mwenyewe, na mguu ni katika mwili.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba buti huchaguliwa kwa mguu na kwa njia, wala halichaguliwi kwa macho wala kwa jina la kiwanda. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na siri ya kiatu haijui muuzaji, bali aijua aliyekivaa.

Tuanze na mguu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa makubadhi na ndara, na mguu uliozoea kuwa wazi vidole vyake hutanuka. Ukiutia ghafla katika buti lililobana mbele, utateseka kabla ya kufika nusu ya njia. Kwa hiyo tazama kwanza upana wa mbele: vidole vilale vikiwa vimetandazika, bila kupandana.

Nenda dukani jioni badala ya asubuhi, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utavimba zaidi. Chukua soksi zile zile utakazosafiria. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwani aghalabu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenziwe, nawe uchague kwa kuufuata ule mkubwa. Usiiamini nambari iliyopigwa chini ya soli: 42 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ndogo kuliko 42 ya kiwanda kingine. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha ya buti. Hapo kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Kisha funga kamba barabara, utafute ngazi, upande na kushuka mara kadhaa. Ukipanda, kisigino kisichomoke. Ukishuka, vidole visigonge mbele. Wengi hudhani mlima huumiza wakati wa kupanda, ilhali kucha nyingi hung'oka wakati wa kuteremka, pale mwili wote unapousukuma mguu mbele ya kiatu.

Baada ya mguu, itazame njia. Kwa matembezi ya saa chache katika misitu yetu ya pwani, kiatu chepesi chenye soli ya kushika ardhi chatosha. Uzito ulioko mguuni huchosha mara kadhaa kuliko uzito ule ule ukiwa mgongoni, basi hakuna faida ya kumvisha mtoto buti zito kwa ajili ya njia tambarare. Ama kwenye mawe, mteremko na mzigo wa siku tatu au nne, hapo buti lililopita kifundo cha mguu lina maana, na soli yake iwe ngumu kiasi: ikunjike pale vidole vinapoanzia, isikunjike katikati ya wayo, wala isisokoteke kama kitambaa ukiikamua kwa mikono miwili.

Wauzaji husifu sana mabuti yenye utando wa ndani unaozuia maji. Utando huo wafaa Mlima Kenya, kwenye mvua na baridi, na hasa katika njia ya Naro Moru yenye kinamasi mashuhuri juu ya mteremko. Lakini katika joto la Tsavo au la pwani, huo huo hulifungia jasho ndani, na ngozi ya mguu ikishalowa hufanya malengelenge upesi. Ngozi nzuri isiyo na utando, ikipakwa mafuta yake, hutosha kwa nchi kavu.

Soli nayo ina historia ya kutuzindua. Mwaka 1935 mkwea milima wa Italia, Vitale Bramani, alipoteza marafiki sita katika milima ya Alps, na viatu visivyofaa vikahesabiwa miongoni mwa sababu za msiba ule. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa ya kushika mwamba na theluji, ndiyo iliyozaa jina la Vibram, linalotokana na jina lake mwenyewe. Basi yale meno chini ya buti hayakuwekwa kwa pambo. Ukiyakuta yamesagika, jua umri wa soli ile umekwisha, hata kama ngozi ya juu bado yang'aa.

Hapa twafika kwenye mitumba ya Kongowea, ambako wengi wetu hununua, wala hapana aibu. Mabuti bora kuliko ya dukani hupatikana pale kwa bei nafuu. Lakini iko hatari moja isiyoonekana kwa jicho la haraka. Mabuti mengi ya mlimani yana soli ya kati iliyotengenezwa kwa poliuretheni. Kitu hiki huoza taratibu kwa unyevunyevu wa hewa na joto, hata kama buti limewekwa kabatini bila kuvaliwa. Buti la miaka mingi laweza kuonekana jipya, kumbe ndani limekuwa kama mkate mkavu. Tulimwona kijana wa mtaani kwetu aliyerejea kutoka mlimani na buti la namna hiyo. Alilinunua likiwa halina mkwaruzo. Siku ya pili soli zote mbili zilibanduka, akazifunga kwa kamba, kamba zikakatika juu ya mawe, akamalizia kushuka kwa ndara aliyoazimwa. Alifika nyumbani salama, alhamdulillah, lakini kucha mbili alizipoteza, na safari ya wenzake ilikatizwa kwa ajili yake.

Basi kabla ya kulipa, bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikimeguka, ikiwa na nyufa ndogo ndogo, au ikinata, rudisha. Likunje buti mara kumi au ishirini pale pale, utazame kama soli inaachana na ngozi. Tazama kama soli imeshonwa au imegandishwa kwa gundi tu. Iliyogandishwa si lazima iwe mbaya, ila iliyoshonwa fundi wa viatu aweza kuibadilisha na buti likaishi upya. Walio wetu wanasema rahisi ghali, nasi twaongeza kwamba rahisi iliyokaguliwa vyema ni neema.

Liko jambo jingine la kukaguliwa ambalo latuhusu sisi Waislamu mahsusi, nalo ni bitana. Viatu vingi huwekwa bitana ya ngozi ya nguruwe, na katika madhehebu ya Imam Shafi ngozi hiyo haitahiriki kwa kudibaghiwa. Ngozi ya nguruwe hutambulikana kwa vitundu vyake vya nywele, ambavyo hukaa vitatu vitatu kwa umbo la pembetatu. Vuta ulimi wa kiatu, ugeuze bitana kwenye mwanga, utaviona. Palipo na shaka, acha. Mabuti ni mengi.

Na huenda msomaji akashangaa kwamba vitabu vya fikihi vilimaliza zamani kulieleza buti jema. Katika mlango wa kupangusa khuffu, wanachuoni wameshurutisha kwamba kiatu kivaliwe baada ya kukamilika tohara, kisitiri mguu pamoja na vifundo vyake viwili, kiwe tohara, kizuie maji yasipenye, na kiwe imara kiasi cha kuwezekana kutembelewa kwa kwenda na kurudi katika haja za msafiri. Mwenye kiatu cha namna hiyo, badala ya kuosha miguu katika udhu, hupangusa kwa maji juu yake: mkaazi kwa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu na nyusiku zake, kuanzia pale udhu unapomtenguka baada ya kukivaa. Akikivua, ruhusa imekatika. Kwa aliye mlimani alfajiri, ambapo maji ni baridi kama barafu na kamba zimeganda, ruhusa hii ni rehema kubwa. Kwa hivyo buti linalopita vifundo lina faida mbili kwa mwenye kulichagua.

Baadhi ya jamaa walioko ng'ambo hutuuliza kuhusu mabuti ya uwindaji. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, lakini haja ya buti la msasi haikuondoka: askari wa wanyamapori, wachungaji na warina asali hutembea katika miiba ile ile. Buti lao huwa refu zaidi, la rangi isiyong'aa, na soli yake laini kidogo ili hatua isipige kelele, ila isiwe nyembamba hata mwiba wa mgunga ukaipenya. Urefu huo pia huusitiri mguu palipo na nyoka kama bafe, ambaye hulala kimya njiani. Na popote utakapolala, kung'uta buti kabla ya kulivaa. Nge hupenda mahali penye giza na joto.

Buti jipya lisipelekwe mlimani siku ya kwanza. Livae nyumbani saa moja, kisha mbili, kisha uende nalo msikitini na sokoni, kwa muda wa majuma mawili au matatu. La ngozi nene huhitaji zaidi. Soksi ziwe za sufi au za nyuzi zisizoshika maji, kwani pamba hulowa jasho na kubaki na unyevu. Kucha zikatwe siku chache kabla ya safari. Ukihisi mahali pamepata moto njiani, simama hapo hapo upabandike plasta. Ukingoja kituo, litakuwa lengelenge.

Twapenda kusema neno kwa wazee wetu na wote wenye ugonjwa wa kisukari, ambao huenda wakapenda kutembea pamoja na wajukuu. Ugonjwa huu waweza kuua hisia za miguu, hata mtu akatembea na kijiwe ndani ya kiatu asijue. Jeraha dogo likipuuzwa laweza kufika pa kukatwa mguu. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya safari, atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kila jioni aitazame miguu yake, nyayo na katikati ya vidole. Asipoweza kuinama, mtoto amtazamie. Hiyo ni katika kuwatendea wema wazazi.

Mkirudi, osheni tope, toeni soli ya ndani, jazeni magazeti ndani ya buti na kulikausha kivulini. Moto na jua kali hupasua ngozi na kuilegeza gundi. Kisha lipakeni mafuta ya ngozi. Wala msilifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kwa maana unyevu wetu wa pwani hulimea ukungu na kuiozesha soli mapema.

Mzazi atakayeyafuata haya hahitaji kununua kilicho ghali kuliko vyote. Ahitaji jioni moja ya subira, kidole gumba cha kubonyezea, na kumsikiliza mtoto anaposema panambana. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awarejeshe kwa miguu yao wenyewe. Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.