Mstari wa kura na mstari wa soko
Tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi, na makanisa yetu pia. Tulinawa mikono mlangoni, tukaingia. Je, ugonjwa unaambukiza kwenye mstari wa kura tu? Kesho yake waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola. Wengi walikuwa wameshaamua kwamba ndoo ya klorini ni siasa. Kura yetu ilikuja 31 Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa. Wapendwa, Machi 2020 Korona ilipofunga makanisa na kuacha masoko wazi, waamini walituuliza swali lile lile.