Wanaowatibu wazee wetu wafunzwe pamoja

MAMA yangu ana umri wa miaka 79 na anaishi Subukia. Mwaka uliopita alianguka usiku akielekea msalani, akavunjika nyonga. Tulipokuwa tukimwandaa kwenda hospitalini, dada yangu alikuta kikapuni mwake mifuko minne ya dawa. Mmoja ulitoka katika zahanati, wa pili katika kliniki ya kisukari, wa tatu katika duka la dawa mjini, na wa nne alipewa na jirani. Dawa mbili kati ya hizo zilikuwa za kuteremsha shinikizo la damu, tena za aina moja, ila majina ya kwenye pakiti ndiyo yaliyotofautiana. Mama alikuwa akizimeza zote mbili kila jioni.

Kila mhudumu aliyempa dawa alifanya kazi yake. Lakini hakuna aliyejua mwenzake amempa nini. Dawa hizo zikizidi, shinikizo hushuka mno mtu anaposimama, naye akashikwa na kizunguzungu. Kijana atayumba kidogo na kushika ukuta. Mkongwe ambaye mifupa yake imedhoofika huanguka.

Sina nia ya kumlaumu mtu. Kasoro, kwa maoni yangu, huanzia darasani. Mara nyingi muuguzi hufunzwa na wauguzi, daktari na madaktari, mfamasia na wafamasia. Hukutana kazini wakiwa watu wazima, kila mmoja na meza yake.

Utaratibu huo humwumiza mzee kuliko mgonjwa mwingine yeyote. Kijana huja na ugonjwa mmoja. Mzee huja na mitatu au minne: shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya viungo na mtoto wa jicho. Isitoshe, maradhi ya uzeeni hujificha. Nimonia yaweza kumshika mkongwe bila homa kali, na dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa tu. Jamaa zake watasema ni uzee. Mhudumu asiyefunzwa naye atasema vivyo hivyo.

Idadi ya wazee hawa inapanda. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 1.9 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Ile ya 2019 ilipata zaidi ya milioni 2.7. Madaktari waliobobea katika maradhi ya uzeeni ni wachache mno nchini, na hatuwezi kuketi tukiwasubiri. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likihimiza wanafunzi wa taaluma mbalimbali za afya wasome pamoja na wafunzane. Ushauri huo unatufaa sana hapa.

Sisi wa Nakuru tumebahatika. Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha sayansi za afya papa hapa mjini. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina bewa lake. Tuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wengi wetu bado twaiita Hospitali Kuu ya Mkoa. Tena, tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mashine za kupima shinikizo la damu na sukari ili wawafikie watu nyumbani. Wao ndio wanaojua ni mzee yupi anaishi peke yake Kaptembwo, na ni yupi huko Bahati ameacha kula.

Kwa nini basi vyuo, hospitali na serikali ya kaunti wasikubaliane kutenga alasiri moja kila wiki? Mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi, wa ufamasia na wa tiba ya viungo wamtembelee mzee mmoja wakiongozwa na mhudumu wa jamii. Wamwage dawa zake zote mezani na kuzikagua pamoja. Wamwombe ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka. Kipimo hicho chahitaji kiti na saa tu. Kisha wamsikilize, ikibidi kupitia mkalimani, kwani wazee wengi wa Bonde la Ufa hueleza maumivu yao vyema kwa Kikikuyu, Kikalenjin au Ekegusii.

Wapo watakaosema hakuna pesa, na kwamba wodi tayari zimejaa akina mama na watoto. Ni kweli wodi zimejaa. Lakini nyonga iliyovunjika hulaza mgonjwa kwa majuma mengi, na gharama yake huwaelemea jamaa na hospitali. Hakuna jengo jipya linalohitajika hapa, ila makubaliano.

Nawe msomaji, una la kufanya. Ukienda kumwona mzee wako, kusanya dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za kienyeji, na uzipeleke kwa daktari mmoja azitazame. Usimwachishe yoyote kabla ya kuuliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama sasa anatembea kwa mkongojo, na dawa zake zimepungua kutoka saba hadi nne. Zilipunguzwa siku daktari, muuguzi na mfamasia walipoketi pamoja kwa nusu saa. Nusu saa hiyo ingepatikana mapema, angekuwa bado analima sukumawiki zake.