Fimbo Mpya, Mkono Ni Ule Ule

Wadau, kila Januari hadithi ni moja. Kampuni za gofu zinatoa draiva mpya, yaani ile fimbo yenye kichwa kikubwa ya kupigia mpira wa kwanza, na inakuja na jina jipya, rangi mpya na ahadi ile ile ya mwaka jana: utapiga mbali zaidi na mpira utaenda moja kwa moja. TaylorMade peke yao walitoa Stealth 2022, Stealth 2 ikafuata 2023, halafu Qi10 2024, na Qi35 2025. Miaka minne, draiva nne. Kama kila moja ingeongeza yadi kumi za kweli, msee aliyenunua zote saa hii angekuwa anatisha watu wa Kondele akiwa amesimama Migosi.

Naandika haya kwa sababu kuna jamaa yangu hapa mtaani, kedi, ambaye amekuwa akibeba mifuko ya watu miaka kadhaa na sasa yeye mwenyewe anacheza vizuri. Anacheza na fimbo za kuokoteza: moja alipewa, nyingine alinunua imetumika, nyingine ina mpini umeliwa mpaka unateleza. Chama chao kiligawana pesa Desemba. Juzi akaniuliza, "Omera, niweke hii doh kwa draiva mpya ama nitulie?" Nilimwambia nitamjibu hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Tuanze na bei. Draiva mpya ya kampuni kubwa imekuwa ikiuzwa Marekani kwa karibu dola 600. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama Sh77,000, na bado hujalipa usafiri wala ushuru. Ni fimbo moja tu hiyo, si seti. Kwa mwenye kampuni yake Milimani, hiyo ni pesa ya wikendi. Kwa kedi, ni mifuko mingapi ya kubebwa kwenye jua la Kisumu? Piga hesabu polepole, usiwe na haraka.

Sasa, sitaki kumcheka mtu anayetamani kitu kipya. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na walijua walichokisema. Fimbo mpya inang'aa. Ukigonga mpira inatoa mlio mtamu. Na kuna jambo lingine ambalo muuzaji halisemi lakini analijua: fimbo yako ya zamani ina kumbukumbu. Ulipiga nayo mpira ukaingia kichakani mbele ya watu. Hiyo mpya haijawahi kukuaibisha. Kwa hivyo unaponunua draiva, sehemu kubwa ya unacholipia ni matumaini, na matumaini huuzika kuliko unga.

Mimi naliona hili kwenye kazi yangu ya kontenti. Nikiweka video ya msee akifungua boksi la kifaa kipya, komenti zinajaa. Nikiweka video ya kijana akirudia pigo moja la mita tatu mara hamsini, kimya. Kununua kunaonekana kama maendeleo. Mazoezi yanaonekana kama kusimama mahali pamoja.

Lakini hebu tuangalie sheria zenyewe. Gofu duniani inasimamiwa na R&A kule St Andrews, Scotland, pamoja na USGA ya Marekani. Hawa watu waliona zamani kwamba kampuni zikiachiwa, viwanja vyote vitakuwa vifupi. Kwa hivyo wakaweka mipaka. Tangu 2004 kichwa cha draiva hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Uso wake nao una kikomo cha kurusha mpira: mpira na fimbo vikigongana, kasi ya kuachana isizidi asilimia 83 ya kasi waliyogongana nayo. Kufikia 2008 kikomo hicho kilikuwa kinamhusu kila anayecheza chini ya R&A, si mabingwa peke yao.

Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba ukipiga mpira katikati kabisa ya uso wa draiva nzuri ya 2008, halafu upige vile vile kwa draiva ya juzi, usitegemee muujiza. Zote mbili zimefungwa na kamba moja. Stealth ya 2022 ilikuja na uso wa tabaka 60 za nyuzi za kaboni badala ya titani, na watu wakaimba. Lakini tabaka ziwe 60 au 600, kikomo ni kile kile.

Kilichoboreka kweli, na ni haki tukiseme, ni yale mapigo mabaya. Draiva za sasa zinasamehe. Ukigonga nje ya katikati, kichwa hakijipindi sana, na mpira haupotei kama zamani. Kwa hivyo kama fimbo yako ni ya miaka ya tisini na kichwa chake ni kama chungwa, ndiyo, kubadilisha kutakusaidia. Lakini kutoka ya miaka sita iliyopita kwenda ya mwaka huu? Huko unalipa pesa nyingi kwa tofauti ndogo sana.

Najua mtu atakuja na hoja ya viatu. "Kwani Kipchoge alikimbia pekupeku?" Hoja nzuri, na Mkenya yeyote ana haki ya kuileta. Eliud Kipchoge alikimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40 akiwa na viatu vya Nike ambavyo dunia nzima ilivijadili. Vilisaidia, na ndiyo sababu mapema 2020 World Athletics waliweka kikomo cha soli ya milimita 40 na kibao kimoja tu ndani. Lakini angalia nani alivaa. Ni mtu ambaye alikuwa ameshafika ukingoni mwa uwezo wa binadamu, ambaye kwake sekunde kumi ni kitu. Ukinivalisha mimi viatu vile vile pale Mamboleo, nitachoka vile vile, tofauti ni kwamba nitachoka nikiwa nimependeza. Kifaa kinaongeza asilimia ndogo juu ya ulichonacho. Kama ulichonacho ni kidogo, asilimia yake nayo ni kidogo.

Tuje kwa hesabu ambayo makedi wote wanaijua lakini matangazo hayaitaji. Kwenye uwanja wa kawaida wa par 72 kuna mashimo manne mafupi ya par 3, ambayo kwa kawaida huhitaji draiva. Yanabaki 14. Kwa hivyo hata ukiitumia kila unapoweza, draiva inatoka kwenye mfuko mara 14. Upande wa pili, hiyo 72 yenyewe imehesabiwa ukipewa mapigo mawili kwenye grini kwa kila shimo. Hayo ni 36, nusu ya mchezo mzima. Nusu ya mchezo inachezwa kwa ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, na ya miaka ishirini iliyopita bado inasukuma vizuri. Hakuna mtu anayekuuzia mazoezi ya mapigo 36, kwa sababu hayana boksi la kufungua.

Na historia inasema hivyo hivyo. Seve Ballesteros, mtoto wa kijiji cha Pedreña huko Hispania, alijifunza kwa kupiga mpira ufukweni na fimbo moja tu ya chuma, namba 3. Fimbo moja kwa kila pigo: ya mbali, ya karibu, ya kutoka mchangani. Alikuwa kedi pia. Mwaka wa 1978 alikuja hapa kwetu akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza. Chick Evans naye, kedi mwingine wa zamani, alishinda U.S. Open ya 1916 akiwa na fimbo saba. Baadaye wachezaji wakaanza kujaza mifuko, wengine wakipita fimbo 20, mpaka Wamarekani wakaweka kikomo cha 14 mwaka wa 1938 na Waingereza wakafuata 1939. Wewe fikiria tu ni mgongo wa nani ulikuwa unabeba zile zote.

Kenya Open yenyewe ilianza 1967, na kutoka hapo hadi 2025 hakuna Mkenya aliyeichukua. Wachezaji wetu, kama Dismas Indiza wa Mumias, wamepambana nao wageni kwenye viwanja vyetu wenyewe. Je, kilichokosekana ni draiva? Sidhani. Mchezaji wa kulipwa wa Ulaya ana kocha, ana mashindano karibu kila wiki, na hata akicheza vibaya wiki hii anajua wiki ijayo atacheza tena. Wa kwetu anafikiria nauli. Hiyo ndiyo pengo, na haizibwi na titani.

Kuna msemo, mchagua jembe si mkulima. Nauheshimu, lakini naona haujamaliza kusema. Mkulima mzuri huchagua jembe, tofauti ni kwamba anaanza kwa kuujua udongo. Kwa hivyo jamaa yangu, jibu langu si "usinunue kitu". Jibu langu ni kwamba anza na kile kinachokuangusha.

Mipini kwanza. Hapa Kisumu mikono inatoka jasho, na mpini uliolika unakufanya ukaze mkono kama mtu anayenyonga kuku. Mpini mpya wa mpira ni bei ndogo sana ukilinganisha na draiva, na utausikia kuanzia pigo la kwanza. Pili, ile fimbo ya mapigo ya karibu. Mistari iliyochongwa usoni mwake ndiyo inayoshika mpira ili usimame kwenye grini, na ikiisha mpira unateleza tu. Hapo kubadilisha kuna maana. Tatu, urefu na ugumu wa fimbo zako. Nyingi za kuokoteza zilitengenezewa mwili wa mtu mwingine. Mpe mwalimu wa klabu azitazame ukipiga, saa moja tu, umlipe haki yake. Nne, ukitaka draiva basi, tafuta ya miaka michache nyuma iliyotumika. Mwenye haraka ya kipya huuza cha zamani kwa hasara. Hasara yake ni faida yako, na watu wa Kibuye tunaijua hiyo biashara tangu utotoni: hakuna anayeona aibu kuvaa shati la mitumba lililo zuri.

Pesa itakayobaki, na itabaki nyingi, iweke kwa kile ambacho fimbo haiwezi kukupa: ada ya mashindano na nauli. Nenda Kakamega, nenda Eldoret, nenda Kericho. Cheza kwenye nyasi usizozizoea, na watu usiowajua, huku tumbo likikukata kwa wasiwasi. Mchezaji hutengenezwa huko. Sh77,000 ni safari nyingi. Draiva ya mwaka huu itakuwa ya zamani Januari ijayo, lakini shindano ulilocheza hakuna anayekunyang'anya.

Na sasa naomba nigeukie wazee wetu wa klabu, kwa heshima zote. Mzee wangu, wewe una uwezo wa kununua draiva kila mwaka, na sikukatazi. Ni pesa yako na jasho lako. Lakini ile ya mwaka juzi iko wapi? Iko gereji, imeegemea ukuta, karibu na makopo ya rangi. Pamoja nayo kuna seti nzima uliyoanzia miaka ile. Kwako tofauti kati ya draiva ya tatu na ya nne ni ndogo sana, pengine yadi mbili tatu. Kwa kijana wa Migosi au Manyatta ambaye anaujua uwanja kuliko wewe lakini hana fimbo ya kuuchezea, tofauti kati ya sufuri na moja haina kipimo.

Kwa hivyo nina pendekezo moja tu, na halihitaji kamati. Siku utakayobeba fimbo mpya kutoka dukani, usiipeleke ya zamani gereji. Ipitishe kwa makedi kwanza. Uza kwa bei ya undugu, au mpe yule ambaye amekuwa akikuambia ukweli kuhusu upepo miaka yote hii.

Wadau, niambieni kwenye komenti: ni kifaa gani mlinunua kikabadilisha mchezo wenu kweli, na ni kipi kilibadilisha picha tu? Na kama una fimbo gereji, usiniandikie mimi. Mpigie kedi wako.