Kutoga ni dakika moja, kupona ni miezi

SIKU hizi si ajabu kumwona kijana, wa kike au wa kiume, akipita katika barabara za Nairobi, Mombasa au Kisumu akiwa na kipini puani, pete kitovuni na hereni tatu au nne katika sikio moja. Wapo wazee wanaokunja uso na kuuliza dunia inaelekea wapi. Mimi si mmoja wao. Wamaasai na Wakalenjin walitoga masikio na kupanua ndewe zao kabla ya maduka ya urembo kuwapo, nao kina mama wa Pwani walivaa vipini na majasi tangu enzi za mabibi zao. Urembo huu si mgeni kwetu.

Linalonikera ni jambo jingine. Mwenye kutoga hupokea pesa, hutoboa, hufuta damu kwa pamba, kisha humwita mteja anayefuata. Yule wa kwanza huenda zake bila kuambiwa hata neno moja kuhusu namna ya kutunza kidonda alichotoka nacho.

Naam, msomaji, ni kidonda. Hata kikipambwa kwa dhahabu, ni tundu jipya katika ngozi lenye kitu kigeni ndani yake, na viini vya maradhi hutafuta milango kama hiyo. Ndewe ya sikio, yaani ile sehemu laini ya chini, huchukua wiki sita hadi nane kupona. Tundu la puani huchukua miezi kadhaa. Sehemu ngumu ya juu ya sikio, yaani gegedu, pamoja na kitovu, huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka mzima. Isitoshe, kidonda cha namna hii hupona kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo usidanganyike ukiona nje pamekauka baada ya wiki mbili. Ndani bado ni pabichi.

Kwa kuwa mteja hakuelezwa, akifika nyumbani kila mtu humpa dawa yake. Jirani humletea spiriti. Shangazi humwambia apake mafuta mazito ya kujipaka. Rafiki humshauri atumie haidrojeni peroksaidi kwa sababu hutoa povu, naye huona povu hilo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Wapo hata wanaopaka dawa ya meno. Nionavyo mimi, masikio mengi huharibika kwa tiba za aina hii kuliko kwa uzembe. Spiriti na peroksaidi haziui viini peke yake, bali huchoma pia nyama changa inayojaribu kuziba kidonda. Mafuta mazito huzuia hewa na kunasa uchafu. Kidonda hukasirika na kuvimba, naye mwenyewe huongeza dawa.

Kinachohitajika ni kidogo mno. Kwanza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mahali hapo. Mara mbili kwa siku, safisha kwa maji ya chumvi. Yaliyo bora ni yale yaliyotayarishwa bila viini, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Ukiyakosa, chemsha maji safi, yaache yapoe, kisha tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Usizidishe ukidhani chumvi nyingi ni dawa zaidi, kwani hukausha ngozi na kuipasua. Lowesha kipande safi cha shashi, kiweke juu ya kidonda kwa dakika chache hadi vigaga vilainike, kisha vipanguse polepole. Usivibandue kwa kucha. Kausha kwa karatasi ya shashi safi, wala si kwa taulo inayotumiwa na nyumba nzima. Epuka pamba pia, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hereni.

Baada ya hapo, kiache. Zamani wengi wetu tuliambiwa tuzungushe hereni kila siku ili isigandamane na nyama. Siku hizi wataalamu wengi wa kutoga wanakataza jambo hilo, na sababu yake ni rahisi kuona: kila ukizungusha, unachana ngozi mpya na kuingiza vigaga ndani ya tundu. Usilalie upande huo. Usiogelee, iwe ni baharini au katika kidimbwi, mpaka pawe pamepona. Ukienda kwa msusi, funika sikio lisiingiwe na dawa za nywele. Simu nayo huwekwa mezani, hushikwa na kila mkono, kisha huja sikioni. Ipanguse, au itumie upande mwingine.

Usiogope kila mabadiliko. Katika siku za kwanza, uvimbe kidogo, uchungu na majimaji meupe yanayokauka na kuwa kigaga ni mambo ya kawaida. Lakini uchungu ukizidi badala ya kupungua, wekundu au weusi ukienea, pakiwa na joto, usaha wa kijani au manjano ukitoka, au ukishikwa na homa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Wala usikimbilie kuitoa hereni mwenyewe. Tundu linaweza kujifunga na kuzuia usaha ndani. Mwachie daktari aamue.

Gegedu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sehemu hiyo haina mishipa yake ya damu kama ndewe ilivyo, na kwa hiyo mwili huchelewa kupeleka kinga pale, na dawa nazo huchelewa kufika. Viini vikiingia, gegedu huoza na sikio hukunjamana, na umbo lake la awali halirudi. Katika jimbo la Oregon nchini Marekani, mwaka wa 2000, watu waliotogwa katika duka moja dogo la mapambo waliambukizwa bakteria. Saba walithibitishwa kwa vipimo, baadhi wakalazwa hospitalini, na wengine wakabaki na masikio yaliyoharibika. Wachunguzi walipofuata chanzo, waliwakuta bakteria ndani ya chupa ya dawa iliyokuwa ikitumiwa kunyunyizia hereni ili kuua viini! Chupa hiyo ilikuwa ikijazwa tena na tena. Basi ukiona chupa ya dawa mezani, usitosheke.

Hapo ndipo napata neno kwa wenye kazi hii. Kile chombo mfano wa bastola hakifai kwa gegedu wala pua. Husukuma hereni butu kwa nguvu na kuponda nyama, tena vingi ni vya plastiki na haviwezi kutiwa katika mashine ya mvuke inayoua viini. Kuvipangusa kwa spiriti hakutoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na chombo chenye damu ya mtu mmoja huweza kumwambukiza mwingine. Chanjo ya ugonjwa huo ilianza kutolewa kwa watoto wote wa Kenya mwaka wa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo. Virusi vya Ukimwi navyo si vya kusahauliwa, wala bakteria wa pepopunda.

Watu wataniambia kwamba bibi zetu walitogwa kwa mwiba na wakaishi miaka mingi. Ni kweli, lakini tunawakumbuka waliopona. Na mwiba huokotwa ukatupwa, ilhali sindano ya dukani hununuliwa kwa pesa, na anayetaka faida hushawishika kuitumia tena.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuketi kwenye kile kiti, uliza. Je, sindano ni mpya, na itafunguliwa mbele ya macho yangu? Je, utanawa mikono na kuvaa glavu mpya? Hereni ni ya madini gani? Titani au dhahabu ya karati 14 na zaidi ni salama kwa wengi, ilhali nikeli iliyo katika hereni za bei rahisi huwasha ngozi za watu wengi. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka. Jiulize na wewe pia kama kwenu kuna mtu mwenye keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunayapata kwa urahisi, na kuyaondoa ni kazi ngumu, kwani mara nyingi hurudi. Kama umewahi kuyapata, ushauri wangu ni kwamba usitoge kabisa.

Maafisa wa afya wa kaunti hukagua hoteli na maduka ya vyakula. Ningependa waingie pia katika vibanda vya kutoga, waangalie sindano na vyombo, na wadai jambo moja zaidi: kila mteja apewe karatasi yenye maelezo ya kutunza kidonda, kwa lugha anayoielewa. Karatasi hiyo haigharimu hata thamani ya hereni moja. Hadi siku hiyo itakapofika, kata maelezo haya uyabandike karibu na kioo chako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sikio likishakunjamana, hakuna fundi wa kulijenga likawa kama lilivyozaliwa.