Bibi ameshuka kutoka Mgeta, uso wake usibaki gizani

Siku ya mahafali, familia nyingi mjini Morogoro huwa na picha moja wanayoisubiri: mhitimu katikati na joho lake, bibi upande huu, mama upande ule, na Milima ya Uluguru nyuma yao. Bibi ameamka alfajiri kuwahi gari la kutoka Mgeta. Saa saba mchana picha inapigwa. Jioni inafunguliwa kwenye simu: mlima umetoka vizuri, lakini macho ya bibi hayaonekani.

Lawama humwangukia mpiga picha, au kamera. Mara nyingi chanzo ni jua. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri Morogoro hukaa karibu na utosi, likielemea kidogo kusini, upande uleule wa milima. Anayeupa mlima mgongo analipa na jua mgongo. Kofia ya mhitimu na mtandio wa bibi huongeza kivuli usoni.

Wengi hudhani flashi ni ya usiku na ukumbini. Kumbe nje, mchana, ndipo ile flashi ndogo ya betri inapookoa picha, kwa kujaza mwanga kwenye uso ulio kivulini. Waliozoea kazi humpa msaidizi aishike pembeni, juu kidogo ya usawa wa macho, ikipitia mwavuli mweupe ili mwanga uwe laini.

Lakini nguvu yake ina mipaka. Umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaofika hubaki robo. Ukitoka mita 2 hadi mita 8, inabaki sehemu 1 kati ya 16. Kwa hiyo picha ya bibi na mjukuu ipigwe kwa karibu kwanza. Ya ukoo mzima isubiri kivuli au jua la saa kumi na moja jioni.

Mzazi mwenye simu tu asikate tamaa. Taa ya simu haifiki mbali, ila kivuli cha mwembe kinasaidia, mradi nyuma yao kusiwe na anga jeupe. Shuka jeupe likishikwa juani mbele yao nalo hurudisha mwanga usoni.

Kwa watoto, tahadhari kidogo. Mtoto mchanga asisogezewe flashi machoni. Mtoto mwenye ualbino macho yake huumizwa na mwanga mkali. Apigwe kivulini, bila flashi, na asilazimishwe kutazama jua.

Kabla ya kulipa, mzazi aombe kuona picha moja, aikuze usoni. Macho yasipoonekana, irudiwe palepale bibi akiwa bado amesimama.

Maana kwa Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, bibi, mama na binti wakisimama pamoja, ukoo wenyewe umesimama. Tena kila familia inajua taabu ya siku ya msiba, watu wanapopekua simu zote na kuishia kukuza picha ya kitambulisho. Bibi amepanda gari saa nyingi kwa ajili ya siku hii. Dakika tano za kurudia picha si nyingi.