ULIZA HESABU HIYO IMETOKA WAPI



Katika kambi za katani hapa Mwatate ubishi wa mshahara siku hizi hauendi kwa mdomo mtupu. Mtu hutoa simu mfukoni, akafungua tovuti, akasema, "Tazameni, Serikali imeandika 16,113!" Mwenzake naye hutoa yake, nayo yasema 8,596. Wa tatu anayo 7,997. Kila mmoja ameona kwa macho yake, na kila mmoja yu tayari kwenda kumkabili meneja.

Twataka ijulikane kwamba hesabu zote tatu zilitoka Serikalini kweli, katika nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024. Shilingi 16,113.75 kwa mwezi iliwekwa kwa kibarua wa kawaida, mfagiaji au mtunza bustani, aliye Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru. Shilingi 8,596.49 iliwekwa kwa kibarua wa namna hiyo hiyo aliye mbali na miji. Lakini mtu wa shamba ana Amri yake mbali, Amri ya Mishahara ya Kilimo, na humo asiye na ujuzi aliandikiwa Shilingi 7,997.33, bila kuhesabu nyumba. Kwamba mtu wa shamba awekwe chini ya mfagiaji ni jambo tusilolikubali hata kidogo, na tutazidi kulipinga. Hata hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Basi tovuti zile hazikutunga uongo. Zilichukua hesabu zikaacha kusema ni ya nani na ya wapi. Wenye nyingi kati yake hupata fedha kwa matangazo, kadiri watu wanavyozifungua, na hesabu kubwa hufunguliwa zaidi. Nyingine ziliandika kwamba nyongeza imekwisha kuanza mwezi wa Mei 2024, kwa kuwa Rais aliitangaza Siku ya Wafanyakazi. Hotuba si Amri. Amri ilianza miezi sita baadaye.

Mwanachama akiona habari kama hii, atafute kwanza tarehe yake, kisha namba ya Tangazo la Sheria. Isipokuwapo namba, aiache hapo hapo. Ikiwapo, Gazeti la Serikali lenyewe husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Tovuti za Serikali anwani yake huishia na .go.ke, neno "serikali" au "kenya" likiwa katikati ya anwani halithibitishi kitu, maana mtu ye yote aweza kulinunua. Wala asidanganyike kwa kuwa ameyaona maneno yale yale katika tovuti kumi. Hunakiliana, hata makosa ya tahajia hunakiliwa. Mashahidi kumi walioambiwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Kwa nini tunalishikilia neno hili? Watu wakiingia ofisini mwa meneja na hesabu ya Nairobi, meneja hufungua Amri ya Kilimo mbele yao, na shauri limekwisha. Siku hiyo yule aliyelipwa chini ya hiyo 7,997 naye hasikilizwi, ingawa haki ilikuwa yake na sheria ya mwaka 2007 yamhesabia mwajiri wa namna hiyo kosa. Tena Amri ni sakafu tu: mapatano ya chama na waajiri yakiwa juu yake, mapatano ndiyo yanayolipwa, na mapatano hayo hutayaona katika tovuti ya matangazo.

Kila mwenye hati ya mshahara ya Novemba 2024 au ya miezi iliyofuata, ambaye hesabu yake haimwelei, na ailete kwa mjumbe wake wa kambi. Wanaolipwa kwa kipande walete na hesabu ya siku walizofanya kazi. Simu pia waje nayo, tuisome Amri pamoja.